Premio mbili, oili mbili: kuchagua oili ya giaboksi kwa gari lililotembea kidogo

Dada yangu alinunua Toyota Premio ya 2008 kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam, mita ikisoma kilomita 46,000. Viti havikuwa na doa, milango inafunga kwa mlio mzito wa gari lisilosumbuliwa. Wiki ya pili tukalipeleka gereji kwa huduma ya kwanza. Fundi alipomaliza oili ya injini akauliza, "Dada, na giaboksi tuiguse au tuiache?" Hata kabla hajajibiwa, kijana wa gereji alikuwa ameshaleta dumu la ATF nyekundu, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, lile lile alilolifungua asubuhi kwa Premio ya 2005 ya mteja mwingine.

Jina la gari moja, kampuni moja, hata injini ni ile ile ya 1NZ yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,500. Lakini Premio ya 2005 ya ujazo huo ina otomatiki ya gia nne, inayotumia oili ambayo Toyota inaiita Type T-IV. Ya dada yangu ina CVT: haina gia za kuhesabika, ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Oili iliyoifaa ile ya asubuhi ingeanza kuiumiza hii siku hiyo hiyo.

Nikaomba dakika kumi tusome gari lenyewe linasemaje.

Wengi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani tunafikiri kilomita chache zimemaliza maswali ya giaboksi. Kuhusu aina ya oili, kilomita hazikuambii lolote. Kuhusu wakati wa kuibadilisha, zinakuambia nusu tu ya habari.

Tuanze na kwa nini oili za giaboksi zinatofautiana kiasi hicho, maana hapo ndipo mabishano mengi ya gereji yanapozaliwa. Oili ya injini kazi yake kubwa ni kulainisha: kadiri vyuma vinavyoteleza bila kusagana ndivyo inavyosifiwa. Oili ya giaboksi ya otomatiki imepewa kazi mbili zinazovutana. Ilainishe beringi na meno ya gia, na wakati huo huo iziruhusu klachi zikamate. Ndani ya giaboksi hiyo kuna klachi za sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati kwenye sinia, zote zimezama kwenye oili. Gia inapobadilika, sahani zinabanwa na msukumo wa oili hiyo hiyo mpaka zishikane. Oili ikiteleza kupita kiasi, sahani zinachelewa kushika, zinasuguana, zinaungua. Ikikamata kupita kiasi, gia inaingia kwa kishindo, au gari linatetemeka kama linapita kwenye barabara ya matuta madogo madogo, hasa klachi ya toki konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kupitia oili) inapojifunga ukiwa kwenye mwendo wa wastani.

Kinachoamua ikamate kiasi gani ni viungo vinavyoitwa virekebisha msuguano, na kila mtengenezaji ana mapishi yake. Zamani Marekani kiungo kimojawapo kilikuwa mafuta ya nyangumi. Yalivumilia joto na yaliipa klachi mguso laini, na yalitumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyangumi wa aina hiyo walipoorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala wa maabara. General Motors walishika njia ya oili yenye virekebisha msuguano, ukoo wa Dexron. Ford kwa miaka mingi walitumia Type F, isiyo na viungo hivyo, kwa sababu klachi zao zilisanifiwa zikamate haraka. Oili hizo mbili zote zilikuwa nyekundu. Rangi hutiwa ili oili ikivuja ujue inatoka kwenye giaboksi na si kwenye injini. Haisemi chochote kuhusu mapishi. "Muhimu iwe nyekundu," kama alivyosema yule kijana wa gereji, ni sawa na kuchagua dawa kwa rangi ya kidonge.

Dexron yenyewe imeacha kitendawili madukani. General Motors waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, baada ya kuja kwa Dexron VI. Madumu yanayoandikwa "Dexron III" leo hayana mwenye jina anayeyakagua. Mengine ni oili nzuri ya kampuni inayojiheshimu, mengine ni maji ya rangi. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road Nairobi, utayakuta yamepangwa rafu moja.

Sasa turudi kwa Toyota, maana ndiyo magari yetu mengi. Kuna majina matatu au manne ya kukariri. T-IV ni ya otomatiki za gia za miaka ya mwisho ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000. WS ilifuata kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nayo ni nyepesi zaidi: katika nyuzi 100 za Selsiasi, T-IV ina uzito wa mtiririko wa takriban 7 kwa kipimo cha sentistoki, WS kama 5.5. Wepesi huo ulitafutwa makusudi ili gari lile mafuta kidogo, na pampu, vali na solenoidi zikasanifiwa kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo Toyota wenyewe wanakataza kuchanganya T-IV na WS au kuweka moja mahali pa nyingine. Kisha kuna oili za CVT: TC kwa za awali, na FE kwa zilizofuata.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Kwa Honda, oili mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani: DW-1 ilikuja badala ya Z1, na gari lililozaliwa na Z1 linapewa DW-1 bila wasiwasi. General Motors nao walisema Dexron VI inaweza kuingia palipokuwa na III. Fundi aliyelijua hilo akihamia kwenye Toyota atadhani WS ni T-IV iliyoboreshwa. Sivyo. Kila nyumba na sheria zake, na huwezi kubeba sheria ya nyumba moja ukaipeleka nyingine. Nissan wana Matic D, J na S kwa otomatiki za gia, halafu NS-1, NS-2 na NS-3 kwa CVT. Mazda zilizokuja na teknolojia ya Skyactiv zinataka FZ. Mitsubishi wengi wa zamani ni SP-III, na CVT zao ni J1 au J4. Honda Fit za mwanzo zenye CVT zinataka HMMF, za baadaye HCF-2.

Na kosa la CVT ndilo ghali kuliko yote. Kwenye otomatiki ya gia, oili isiyo sahihi mara nyingi hulalamika kwanza: kishindo, kutetemeka, gia kuchelewa. Unapata muda wa kujuta na kuimwaga. Kwenye CVT, mkanda wa chuma unaishika puli ya chuma kwa kubanwa tu, na kati yao kuna utando mwembamba wa oili ambao kazi yake ni kuzuia chuma kisiteleze juu ya chuma. Virekebisha msuguano vile vile vinavyofanya ATF iwe laini kwenye klachi, hapa vinaunyima mkanda mshiko. Mkanda ukiteleza unachora mistari kwenye uso wa puli, na mistari hiyo haifutiki. Kuweka oili sahihi baadaye hakurudishi uso wa puli. Wakati huo huo gari linaweza kuendelea kwenda vizuri kwa miezi, na ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba alitia ATF ya kawaida kwenye CVT na hakuona tatizo.

Gari linakuambiaje lina giaboksi gani? Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango, Toyota ya Japani ina bati dogo lenye mistari ya maandishi. Wengi hulitazama kwa ajili ya namba ya chesisi, kisha wanaliacha. Shuka mpaka mstari ulioandikwa TRANS./AXLE. Herufi ya kwanza ya kilichoandikwa hapo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta siku ile, kijana akimulika na simu maana bati lilikuwa na vumbi la melini. Ilikuwa K. Kwa Toyota, K ni ukoo wa CVT. U au A ni otomatiki ya gia. Kijana alitazama, akalifuta bati kwa kidole, akatazama tena, kisha akalifunga dumu lake.

Ukishajua giaboksi, tafuta jina la oili. Mengi ya magari yenye kijiti cha kupimia yameandikwa jina kwenye kijiti chenyewe. Usipolikuta hapo, fungua droo ya dashibodi. Magari ya Japani mara nyingi huja na kitabu chake, na watu hukitupa kwa sababu ni cha Kijapani. Tafadhali usikitupe. Nenda kurasa za mwisho kwenye majedwali ya ujazo: katikati ya maandishi usiyoyajua utaona herufi za Kilatini zimejitokeza, WS, T-IV, TC, FE, na namba za lita pembeni. Ukipiga picha na simu, programu ya tafsiri itakumalizia. Kitabu cha dada yangu kilisema TC, basi tukatafuta TC.

Usitafute kwa jina la gari peke yake. Premio iliyotangulia 2007 ya ujazo wa 2,000 nayo ni CVT, ingawa wadogo zake wa 1,500 na 1,800 ni wa gia. Muuza spea akikuuliza "Premio ya mwaka gani?" bado hajauliza swali la kutosha.

Nije kwenye kilomita. Gari la miaka 17 lenye kilomita 46,000 lina oili ya miaka mingapi? Ikiwa hakuna kumbukumbu ya kubadilishwa, huenda ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Oili huzeeka kwa joto na kwa hewa pia, hata mita ikiwa imesimama. Kanuni ya wakemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuoza kwa oili huongezeka karibu maradufu. Foleni ya Mandela au ya Mombasa Road, gari likiwa D na mguu kwenye breki, inaipikia oili jotoni bila mita kusogea hata kilomita mbili. Na gari lililokuwa likitumwa sokoni na kurudi, safari za dakika tano, halipati joto la kutosha kukausha unyevu unaoingia kupitia tundu la kupumulia giaboksi. Sili za mpira nazo hukakamaa kwa miaka.

Nchini Kenya, ambako gari haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka 8, tatizo hili ni dogo kidogo. Tanzania hakuna ukomo huo, kuna ushuru wa ziada kwa uzee, na magari yanayofika yana umri mkubwa zaidi. Mnunuzi wa Tanzania mwenye gari la "kilomita chache" ana sababu kubwa zaidi ya kuhesabu miaka.

Halafu kuna suala la kilomita zenyewe kuwa za kweli. Cheti cha kutoa gari Japani huwa na usomaji wa mita uliochukuliwa kwenye ukaguzi wa huko, na karatasi ya mnada huonyesha pia. Muombe muuzaji. Akikwepa, chukulia mita imeguswa, na mambo ninayoyaeleza hapa chini kuhusu giaboksi iliyochoka yakuhusu.

Maana kuna imani iliyozagaa kwamba kubadilisha oili kunaua giaboksi. Haikutoka hewani. Kwenye giaboksi iliyotembea sana bila huduma, klachi zimesagika, na unga wake umo ndani ya oili ukisaidia kidogo mshiko uliobaki. Ukimwaga yote kwa mkupuo na kutia mpya safi, au ukitumia mashine ya kusukuma oili kwa nguvu inayong'oa uchafu na kuupeleka kwenye njia nyembamba za vali, giaboksi iliyokuwa inajikongoja inaweza kukata tamaa. Mwenye gari anasema oili ndiyo iliyoua. Mgonjwa alikuwa mahututi tayari. Gari lililotembea kidogo kweli halipo katika hali hiyo. Klachi zake ni nzima, na kulibadilishia oili sasa ndiko kunakolizuia lisifike huko.

Namna ya kuangalia hali ya oili kabla ya kuamua ni rahisi. Dondosha matone mawili matatu kwenye karatasi nyeupe ya jikoni, uiache kama nusu saa. Oili yenye uhai husambaa na kuacha duara la rangi ya waridi au kahawia hafifu lenye ukingo laini. Iliyochoka hubaki na kitovu cheusi kisichotaka kusambaa. Inuse: harufu ya kuungua, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, ni habari mbaya. Isugue kati ya vidole, uone kama kuna chembechembe. Matone ya dada yangu yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, bila harufu ya kuungua, vidole safi. Oili mzee, giaboksi nzima. Hiyo ndiyo picha ya kawaida ya gari lenye kilomita chache na miaka mingi.

Ukikuta oili ina rangi ya maziwa ya waridi, simama hapo hapo, usiwashe gari tena. Magari mengi yanapoozea oili ya giaboksi kwenye bomba lililomo ndani ya rejeta. Tabia yetu ya kujaza maji ya bomba badala ya kulanti inaozesha bomba hilo kwa ndani, na siku likitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi. Gundi inayoshikilia utando wa klachi haipendi maji. Nimeona watu wakibishana wiki nzima kuhusu aina ya oili ilhali tatizo lilikuwa rejeta.

Kubadilisha kwenyewe: kumwaga kwa nati ya chini hakutoi oili yote, kwa kuwa nyingine inabaki kwenye toki konveta na mabomba. Chukua giaboksi ya lita 7 inayotoa lita 3 ukiifungua. Mara ya kwanza unakuwa na oili mpya asilimia 43. Ukiendesha siku kadhaa na kurudia, unafika 67. Mara ya tatu, 81. Kwa gari lenye kilomita chache naona mara mbili zinatosha, ya tatu kwa mwenye uwezo. Mashine sioni haja yake. Pima kilichotoka kwa chupa zenye alama, urudishe kiasi hicho hicho, kisha hakikisha usawa kwa utaratibu wa gari husika. Toyota nyingi zisizo na kijiti hupimwa kwa nati ya kufurikia (oili iliyozidi hutokea hapo), injini ikinguruma, gari limekaa sawasawa, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi asiye na kipimajoto anabahatisha, na oili ikizidi hupata povu, nayo povu haiwezi kubana klachi.

Je, lazima iwe dumu lenye jina la Toyota au Nissan? Kwa otomatiki ya gia, siamini ni lazima. Kuna kampuni kubwa za oili zinazotengeneza ATF inayotimiza kiwango cha Kijapani cha JASO M315, daraja la 1A, na kutaja T-IV kwa jina nyuma ya dumu. Soma nyuma, si mbele. Mbele ni picha ya gari na neno "zote." Nyuma ndipo kampuni inapojifunga kwa majina. Ninachokikataa ni dumu moja linalodai kufaa otomatiki za gia na CVT za kila kampuni kwa wakati mmoja. Baada ya kuelewa kazi ya klachi na kazi ya mkanda, dai hilo linajieleza lenyewe. Kwa CVT ya gari zuri lenye kilomita chache, mimi ningetafuta oili ya kampuni iliyounda gari, hata ikibidi kusubiri wiki. Tofauti ya bei kwa lita nne haifikii hata robo ya bei ya giaboksi iliyotumika, ambayo nayo hujui ilimezeshwa nini.

Na angalia feki. Ufunguzi wa mfuniko uwe haujaguswa, namba ya toleo iwe imechapwa kwenye plastiki yenyewe, na ununue kwa mtu utakayemkuta kesho.

TC ya dada yangu ilichukua siku nne kupatikana. Tulirudi gereji ile ile, kwa fundi yule yule, na kijana ndiye aliyepima kilichomwagika: lita tatu na kidogo, kwenye chupa za maji alizozikata vichwa. Alipomaliza kufunga, dada akamwomba kalamu ya wino mzito. Pembeni ya bati lile lile, kwenye chuma kitupu, kijana akaandika kwa herufi kubwa: CVT TC, tarehe, kilomita 46,310.